Jogoo, Mbwa na Ng'ombe: Habari ya Wajumbe Waliomo Damuni



Ukaribiapo mwezi wa Mfungo Tatu, watu wakaanza kuulizana bei za mbuzi, utamsikia mzee wa nyumba akimwambia kijana wake: "Nitafutie maksai, usiniletee beberu." Kila mtu pwani aijua sababu. Beberu ana harufu, nyama yake ngumu, tena hatulii. Usiku kucha hulia na kugonga mlango kwa pembe. Maksai hunona, huwa mpole, na nyama yake haina ule ukali. Nasi twajua, katika hadithi zilizopokewa na Ibn Majah na wengineo, kwamba Mtume wetu (S.A.W.) alichinja kondoo waume wawili wenye pembe ambao walikuwa wamehasiwa, kwa hivyo mnyama wa namna hiyo hana ila katika udhuhiya. Na masheikh wa madhehebu yetu ya Shafi wameruhusu kumhasi mnyama aliwaye angali mdogo, ili nyama yake ipendeze, wakakataza akishakuwa mkubwa.

Lakini umepata kujiuliza? Kinachoondolewa ni kitu kidogo, nacho kiko nyuma, mbali na koo, mbali na shingo, mbali na pembe. Vipi basi kikiondoka hicho, ibadilike harufu ya mwili mzima, ibadilike sauti, na hata tabia igeuke? Ni nani aliyekuwa akichukua habari kutoka huko nyuma akaifikisha kooni?

Swali hili watu waliishi nalo zaidi ya miaka elfu mbili. Aristotle wa Ugiriki aliandika kwamba jogoo akihasiwa upanga wake wa kichwani hupauka na yeye huacha kuwika. Al-Jahidh, yule mwanachuoni wa Basra aliyefariki mwaka 255 Hijria, katika kitabu chake kikubwa cha wanyama alizungumza kwa urefu juu ya kuhasiwa, na yale yabadilikayo katika sauti, viungo na tabia. Na mabaytari wa Kiislamu, yaani matabibu wa farasi na mifugo, walikuwa na vitabu vyao vya fani hiyo. Mashuhuri mmoja ni Abubakar bin Badr, aliyemtumikia Sultani Nasir Muhammad wa Misri katika karne ya 14. Wote hao waliyaona matokeo, lakini njia hawakuiona. Na ajabu yake ni kuwa njia yenyewe kila mchinjaji huimwaga chini kila siku, kwa maana ni damu.

Aliyeigundua kwanza aliigundua kwa majogoo sita. Katika mji wa Göttingen, Ujerumani, palikuwa na mwalimu wa chuo kikuu aitwaye Arnold Adolph Berthold. Mwaka 1848 alitwaa majogoo wachanga sita. Wawili akawaondoa korodani zote mbili. Wale wanne kila mmoja alibakiwa na moja tu, nayo haikuachwa mahali pake palipozoeleka, bali ilikatwa ikawekwa tumboni katikati ya utumbo. Wengine walipewa iliyo yao wenyewe, wengine walipewa ya mwenzao. Kisha akawaacha wakue.

Wale wawili wa kwanza walikua kama wakuavyo wote waliohasiwa: upanga mdogo uliopauka, sauti dhaifu, hawapigani wala hawana habari na majike. Wale wanne waliwika, wakapigana, wakawafukuza mitetea, na panga zao zikawa nyekundu kama za jogoo yeyote wa mtaani. Alipowachinja na kuwapasua, aliona ile korodani imeshikamana na utumbo na imeotwa na mishipa ya damu. Mishipa yake ya fahamu ilikuwa imekwisha katwa. Basi ikiwa hakuna uzi wa fahamu unaoiunganisha na kichwa, na jogoo bado ni jogoo, imebaki njia moja tu. Berthold akasema kuwa tezi ile hutia kitu damuni, na damu ndiyo ikifanyayo kitu kile kifike mwili mzima. Hayo aliyachapisha mwaka 1849 katika kurasa nne. Kurasa nne! Wako wanaoandika mia nne wasiseme robo ya hayo. Lakini wakati ule maneno yake hayakupata wa kuyafuata, yakalala rafuni nusu karne.

Waliokuja kuyapa nguvu ni Waingereza wawili, William Bayliss na Ernest Starling, mtu na shemeji yake, waliofanya kazi katika chuo cha University College mjini London. Zama hizo wanachuoni wengi walimfuata Pavlov wa Urusi, wakiamini kwamba chakula kikishuka utumboni, fahamu ndizo ziliambiazo kongosho litoe maji yake ya kusagia chakula. Tarehe 16 Januari 1902 walimlaza mbwa kwa dawa ya usingizi, wakakata mishipa yote ya fahamu iendayo kwenye kipande cha utumbo mwembamba, wakakiacha na mishipa yake ya damu tu. Kisha wakatia tindikali ndani ya kipande hicho, mfano wa ile itokayo tumboni pamoja na chakula. Kongosho likatoa maji kama kwamba hapakukatwa kitu. Wakakwangua ngozi ya ndani ya utumbo, wakaisaga pamoja na mchanga na tindikali, wakaichuja, wakampiga mbwa sindano ya maji yale katika mshipa wa shingo. Kongosho likatoa tena. Mwaka 1905 Starling akavipa vitu vya namna hii jina la homoni, kutokana na neno la Kiyunani lenye maana ya kuamsha au kuchochea.

Mbwa aliyetupa elimu hiyo jina lake halijulikani. Yuko mwengine, mbwa wa rangi ya hudhurungi, aliyeleta fitina kubwa katika mji huohuo. Mwaka 1903 Bayliss alimtumia kufundishia wanafunzi, na wanawake wawili wa Kiswidi waliohudhuria wakaandika kwamba mnyama yule hakuwa amelala sawasawa. Kesi ikaenda mahakamani, Bayliss akashinda na kulipwa fidia ya pauni 2,000. Lakini mwaka 1906 watu wa mtaa wa Battersea wakamjengea mbwa yule sanamu, wanafunzi wa utabibu wakafanya ghasia barabarani kutaka ivunjwe, mpaka mwaka 1910 ikaondolewa usiku chini ya ulinzi wa askari. Mahakama ilikwisha kata shauri, nami sina la kuongeza juu ya nani alikuwa mkweli. Ila nasema kwamba umma uliofundishwa habari ya mwanamke aliyeingia motoni kwa sababu ya paka aliyemfunga, na habari ya mtu aliyesamehewa kwa sababu ya mbwa mwenye kiu, haufai kuisoma habari hii na kuipita mbio. Maumivu ya mnyama ni deni, na aliyefaidika ana sehemu yake katika kulilipa.

Sasa turudi katika damu. Utauliza: ikiwa damu hupita kila mahali, mjumbe huyu asemaje na kongosho peke yake, asiseme na figo au sikio? Mfano wake ni wa barua iliyotiwa ndani ya sanduku lenye kufuli, ikazungushwa mtaa mzima mlango kwa mlango. Kila nyumba hupitiwa nayo, lakini hufungua yule tu mwenye ufunguo. Seli za mwili zina vipokezi, na mjumbe hasikiki ila pale kilipo kipokezi chake. Mwaka huohuo wa 1905 John Langley wa Cambridge alitoa rai hii kwa kuzitazama dawa za mimea, nikotini na kurare. Ndio msingi wa elimu yote ya dawa mpaka leo. Dawa nyingi, za watu na za mifugo, hufanya kazi kwa kuingia katika kipokezi cha mjumbe wa asili: ama huifungua kufuli kwa niaba yake, ama huiziba asiweze kupita. Na kwa kuwa mjumbe wa asili ni mchache mno, chembe ndogo isiyoonekana, kosa dogo la kipimo si kosa dogo mwilini.

Wagonjwa wa sukari walio majumbani mwetu wayajua haya kuliko mimi. Mwaka 1889, mjini Strasbourg, Minkowski na von Mering walimwondoa mbwa kongosho, akaanza kukojoa mkojo wenye sukari. Mwaka 1921 Banting na Best wa Toronto wakapata kwa mbwa ile homoni yenyewe, insulini, kisha wakaitoa katika makongosho ya ng'ombe yaliyoletwa kutoka machinjioni. Collip akaisafisha, na Januari 1922 kijana wa miaka 14, Leonard Thompson, akawa mtu wa kwanza kuponea kwayo. Hata ile yuniti isomwayo katika bomba la sindano asili yake ni mnyama. Hapo mwanzo ilikuwa ni kiasi kinachotosha kumshusha sukari sungura aliyekaa na njaa siku nzima, mpaka akatetemeka. Baadaye wakaipunguza ikawa theluthi ya hicho.

Insulini ya ng'ombe huachana na ya mwanadamu mahali 3, na ya nguruwe mahali 1 tu. Kwa miaka sitini ndizo zilizouzwa, na Mwislamu aliyeandikiwa ya nguruwe alibaki na dhiki moyoni, mafakihi wakiitazama kwa mlango wa dharura. Dhiki hiyo ilipungua mwaka 1982, ilipoidhinishwa insulini ya namna ya mwanadamu itengenezwayo na bakteria. Na ile ya nguruwe imekwenda wapi? Siku hizi hutibiwa mbwa. Insulini ya mbwa na ya nguruwe ni moja, haipishani hata mahali pamoja, kwa hivyo mbwa mwenye ugonjwa wa sukari huitumia kama iliyo yake. Mnyama aliyetoa elimu hii kwa mwili wake, leo naye hupigwa sindano akapona.

Yaliyo karibu zaidi na nyua zetu ni ya ng'ombe wa maziwa. Wazee wetu walikuwa wakitufukuza watoto, tusipige makelele mkamuaji akiwa kazini. Kwanza huletwa ndama, hunyonya kidogo, hugonga kiwele kwa kichwa, kisha hutolewa, na mkamuaji huketi akimsemesha ng'ombe taratibu. Akifika mgeni, au akipigwa ng'ombe, huambiwa "amezuia maziwa." Vijana wakidhani ni itikadi za wazee.

Mwaka 1941, katika chuo kikuu cha Minnesota, Marekani, Ely na Petersen walilichunguza jambo hili. Walikata mishipa ya fahamu ya nusu moja ya kiwele, wakaiacha nusu ya pili. Ng'ombe alipoandaliwa kukamuliwa, nusu zote mbili zilishusha maziwa sawasawa. Hapa tena ni jogoo wa Berthold na mbwa wa London! Chuchu ikiguswa, habari huenda ubongoni, na tezi ndogo iliyo chini ya ubongo humwaga damuni mjumbe aitwaye oksitosini. Akifika kiweleni hukaza misuli midogo iliyozunguka vifuko vya maziwa, maziwa yakateremka. Kisha wakataka kujua hofu yafanya nini. Basi walimpandisha paka juu ya mgongo wa ng'ombe, na wakapasua mifuko ya karatasi kila baada ya sekunde 10 kwa muda wa dakika 2. (Msicheke, elimu nyingine hupatikana hivyo.) Maziwa yakakataa. Hofu humwita mjumbe mwengine, adrenalini, naye hukaza mishipa ya damu, yule wa kwanza asifike anakokwenda. Naye oksitosini hana umri. Baada ya dakika chache amekwisha vunjwa. Ndiyo sababu mkamuaji aliyekwisha mwandaa ng'ombe, kisha akasimama kuzungumza na mpita njia, hurudi akakuta kiwele kizito na chuchu kavu.

Katika Suratun Nahli tumeambiwa tuzingatie maziwa yatokayo matumboni baina ya choo na damu. Ajuaye sasa kwamba hata ruhusa ya maziwa kushuka huja kwa njia ya damu, ana jambo jingine la kuzingatia. Na Mtume (S.A.W.) ametuamuru tunoe kisu na tumstarehesha mnyama tunayemchinja. Ng'ombe aliyeteswa na kukimbizwa kabla ya kuchinjwa huimaliza akiba ya sukari iliyomo katika misuli yake, na nyama yake hutoka nyeusi, kavu, tena huoza upesi. Wauza nyama waijua nyama hiyo, ingawa wengi hawajui asili yake.

Oksitosini ilitengenezwa kwa mkono wa mwanadamu na du Vigneaud wa Marekani miaka ya 1950, akapewa tuzo ya Nobel mwaka 1955. Ni dawa yenye manufaa kwa ng'ombe aliyeshindwa kushusha maziwa baada ya kuzaa. Lakini huko Bara Hindi wako wafugaji waliojizoesha kumpiga ng'ombe au nyati sindano hiyo kila akamuliwapo, hata serikali ya India mwaka 2018 ikatafuta njia ya kuibana biashara yake. Tuseme haki: mnywaji wa maziwa hayo hadhuriki na homoni yenyewe, kwani haidumu, na tumbo huisaga kama lisagavyo nyama, ndiyo maana hata insulini hainywewi. Anayeumia ni mnyama, asiyeachwa mwili wake useme wenyewe.

Ziko nyingine zisizosagika. Mwaka 1938 Charles Dodds wa London alitengeneza kitu kiitwacho stilbestroli, kinachofungua kufuli za homoni ya kike. Kilikuwa rahisi, kikimezwa hakiharibiki, na hakina umbo la homoni ya asili hata kidogo, ila kufuli zilikikubali. Waganga wakawapa wanawake waja wazito, wakidhani kinazuia mimba kuharibika. Wafugaji wa Marekani nao wakakiona kinanenepesha: kuku walipachikwa kidonge ndani ya shingo tangu mwaka 1947, na tangu mwaka 1954 ng'ombe walitiliwa katika chakula. Ilikuwa ni kuhasi bila ya kisu. Ishara zilitokea mapema. Wafugaji wa wanyama wa manyoya waliowalisha vichwa na shingo za kuku hao waliona wanyama wao hawazai. Mwaka 1953 uchunguzi wa Chicago ulionyesha kwamba dawa hiyo haizuii mimba kuharibika, lakini waganga wengi wakaendelea kuiandika. Kwa kuku ilikatazwa mwaka 1959. Halafu mwaka 1971 daktari Herbst na wenzake wa Boston walieleza habari ya wasichana wanane waliopatwa na saratani ya nadra katika njia ya uzazi. Mama zao saba walikuwa wameitumia dawa hiyo walipokuwa na mimba zao. Ndipo waganga walipoonywa wasiwape waja wazito. Kwa ng'ombe, vita vya mahakamani na vya watengenezaji viliendelea mpaka mwaka 1979 ilipokatazwa kabisa. Na tangu mwaka 1989 nchi za Jumuiya ya Ulaya zimefunga milango kwa nyama ya ng'ombe waliokuzwa kwa homoni.

Mama waliomeza vidonge vile walipewa kwa nia njema, na mlaji wa nyama hakuambiwa kitu. Mtume (S.A.W.) alitia mkono ndani ya rundo la nafaka sokoni akakuta chini kumelowa, akamlaumu mwenyewe kwa kuuficha unyevu usionekane na watu. Dawa iliyomo ndani ya nyama haipatikani kwa mkono wala kwa pua. Muuzaji asiposema, mnunuzi hana njia.

Wala hapa kwetu si homoni hasa tunayokutana nayo. Ni zile dawa za kuua vijidudu. Ng'ombe akiumwa kiwele hutiwa penisilini katika chuchu, na dawa hutoka pamoja na maziwa kwa siku kadhaa. Kuchemsha hakuiondoi yote, na wako watu ambao penisilini kidogo huwavimbisha uso na kuwafunga pumzi. Kwa hivyo kila dawa ya mifugo ina muda wake wa kungojea, umeandikwa kwenye chupa au karatasi yake: siku za nyama mbali, siku za maziwa mbali. Muda huo si wa kukisia. Hupimwa kwa kutazama mwili wa mnyama huchukua siku ngapi kuitoa dawa, na hutofautiana dawa kwa dawa, mnyama kwa mnyama. Siku za mbuzi huenda si siku za ng'ombe.

Basi tuseme yule maksai wako uliyemnunua mapema ameanza kukohoa siku tano kabla ya Idi, nawe ukamwita bwana mifugo. Mgonjwa ambaye ugonjwa wake u wazi hafai kwa udhuhiya, hilo walijua, wataka apone. Kabla hajavuta dawa katika bomba, mwambie kwamba mnyama huyu ni wa kuchinjwa, na umtajie siku. Huenda akakuchagulia dawa ya siku chache. Akikwambia siku 7, hesabu: siku ya Idi ni ya tano, lakini kwa madhehebu yetu kuchinja kwaendelea mpaka jua litue siku ya 13 ya Mfungo Tatu, yaani siku tatu nyingine mbele, kwa hivyo bado una nafasi. Akikwambia siku 28, basi mbuzi huyo mwache banda lake, akapone na anone, na utafute mwengine ungali na wakati, kwa maana nyama ile hukusudii kuila peke yako. Theluthi yake itaingia katika vyungu vya majirani, na wao hawakuwapo ilipopigwa sindano.